Uso Safi Siku ya Mgeni: Niliyojifunza Nikipima Miradi ya Afya Vijijini

Kazi yangu ni kupima miradi ya afya inayowaomba watu wabadili namna wanavyoishi: wanawe mikono, wachimbe vyoo, wawanawishe watoto uso. Nimeifanya zaidi katika vijiji vya kanda ya kati, Dodoma na jirani zake, na mradi ulionifunza kuliko yote ulikuwa wa kunawisha watoto uso ili kupunguza ugonjwa wa vikope. Ninawaandikia wenzangu wanaozunguka na dodoso vijijini, maafisa afya wa kata wanaodaiwa takwimu kila robo mwaka, na yeyote aliyewahi kujiuliza inakuwaje mradi ung'ae kwenye ripoti lakini kijijini usionekane.

Vikope, ambavyo hospitalini huitwa trakoma, huletwa na bakteria aitwaye Chlamydia trachomatis. Hupita jicho hadi jicho kwa vidole, kwa pindo la kanga lililofuta watoto watatu mfululizo, na kwa inzi wanaofuata matongo na kamasi. Mtoto akiambukizwa mara moja hupona. Akiambukizwa tena na tena kwa miaka, ngozi ya ndani ya kope hupata makovu, makovu hukaza, na nywele za kope hupinda kuelekea ndani zikawa zinakwaruza jicho kila linapopepesa. Bibi yangu mzaa mama alikuwa na kibanio kidogo cha bati alichokifunga kwenye pindo la kanga yake. Alizing'oa nywele hizo mojamoja, zikiota anazing'oa tena. Mimi nilipopata akili, yeye alikuwa tayari anatutambua kwa sauti. Shirika la Afya Duniani linaeleza kwamba wanawake hupofushwa na ugonjwa huu hadi mara nne zaidi ya wanaume, kwa kuwa wao ndio wanaoshinda na watoto wadogo, na watoto wadogo ndio wenye maambukizi mengi. Kwa hiyo kila ninapojaza jedwali la mradi wa namna hii, ninajua ni macho ya nani yanayozungumzwa.

Tangu miaka ya 1990 ugonjwa huu unapigwa vita kwa nguzo nne: upasuaji wa kope zilizopinda, dawa ya azithromaisini kwa jamii nzima, usafi wa uso, na mazingira, yaani maji na vyoo. Nguzo mbili za kwanza zinahesabika. Mtu anasimamishwa kando ya fimbo ya urefu, anapewa dozi yake, jina linawekewa alama. Aliyepasuliwa ana kadi na tarehe. Usafi wa uso hauna daftari. Unafanyika alfajiri uani kwa kila mtu, na ikifika saa nne vumbi na kamasi vimeshaufuta.

Dodoma ina bahati ya kuwa na utafiti mzuri juu ya jambo hili hili. Wilayani Kongwa, watafiti wa Chuo Kikuu cha Johns Hopkins na wenzao Watanzania walichukua vijiji sita, wakavipanga katika jozi tatu. Vyote vilipewa dawa ya macho ya tetrasaiklini, na katika kila jozi kijiji kimoja kikaongezewa kampeni nzito ya kunawisha watoto uso, iliyoendeshwa pamoja na wanakijiji wenyewe. Matokeo yalichapishwa mwaka 1995 katika jarida la Lancet. Watoto wa vijiji vya kampeni walikutwa na uso safi mara nyingi zaidi, na vikope vikali vilipungua kwao kuliko kwa wenzao. Kabla ya hapo watafiti walikuwa wameketi na Wagogo kuuliza kwa nini watoto hawanawishwi, na hawakukuta ujinga. Akina mama waliona kunawisha uso kunakula maji mengi, katika nchi ambayo dumu la maji lina thamani ya asubuhi nzima. Tena uamuzi wa maji yatumike wapi haukuwa wa mama peke yake. Mume alikuwemo, na macho ya majirani yalikuwemo.

Basi sisi hatukuwa tunaanza na swali la kama uso safi unasaidia. Swali letu lilikuwa gumu kuliko hilo. Jambo lililofaulu mikononi mwa watafiti, wenye gari, wasimamizi na muda, litakuwaje likiachiwa mwalimu wa darasa la kwanza, mhudumu wa afya ngazi ya jamii, na mtendaji wa kijiji ambaye siku hiyohiyo ana kesi ya mpaka wa shamba na michango ya darasa?

Mwongozo uliotusaidia kulishika swali hilo unaitwa RE-AIM. Uliandikwa na Wamarekani watatu, Russell Glasgow, Thomas Vogt na Shawn Boles, mwaka 1999. Ipo mingine ninayoiheshimu. Baraza la Utafiti wa Tiba la Uingereza lilitoa wa kwake mwaka 2000 kwa ajili ya afua, yaani hatua za kuboresha afya, zenye mambo mengi ndani yake, na limeuandika upya mwaka 2021. Ray Pawson na Nick Tilley, mwaka 1997, walimtaka mtathmini aulize nini kinafaa, kwa nani, na katika mazingira gani. Lakini RE-AIM ndiyo ninayoweza kumweleza mwenyekiti wa kitongoji chini ya mti kabla uji haujapoa, na kwangu hicho ni kigezo kikubwa kuliko uzuri wa michoro. Inauliza hivi: mradi umewafikia nani, na umewaacha nani? Umeleta mabadiliko gani, mema na mabaya? Shule, zahanati na viongozi gani wameupokea, na waliokataa wana sababu gani? Umetekelezwa namna gani, kwa gharama gani? Na mradi ukishaondoka, kinabaki nini?

Maswali haya yanazidishana, na hapo ndipo penye uzito. Tuseme somo la kunawisha uso, likifundishwa vizuri, linawabadilisha akina mama sita kati ya kumi. Ni matokeo ya kujivunia. Sasa tuseme nusu ya vitongoji vya kata ndivyo vilivyoupokea mradi, ndani ya vitongoji hivyo nusu ya kaya ndizo zilizofikiwa, na katika kaya hizo nusu ndizo zilizopata somo lote kama lilivyokusudiwa. Kati ya watoto 1,000 wa kata, mabadiliko yamewagusa 75. Hakuna aliyedanganya popote. Lakini ripoti inayoanza kuhesabu kwa akina mama waliokaa hadi mwisho wa somo itaandika asilimia 60, na watu wa wilayani watapanga bajeti ya mwaka ujao kwa kuitazama hiyo 60.

Nimekaa sana kwenye swali la kwanza, la nani amefikiwa, kwa sababu naamini ndilo linalorukwa zaidi. Miradi mingi hupima ufikiaji kwa karatasi za mahudhurio. Karatasi zinajaa, mistari inapigwa, wanaongezewa karatasi nyingine. Mtu anayeiangalia karatasi iliyojaa haoni aliyekosekana. Tulichofanya ni kuchukua daftari la wakazi la kila kitongoji na kulilinganisha na mahudhurio, jina kwa jina. Waliokosekana hawakuwa wametawanyika ovyo. Walikuwa kaya za mwisho kabisa kuelekea mbugani. Walikuwa wafugaji ambao kiangazi huhama na ng'ombe. Walikuwa akina mama wanaouza pombe na vitumbua mnadani, kwa maana mkutano ulipangwa siku ya mnada, siku ambayo wageni huona kijiji kimechangamka wakadhani ndiyo nzuri. Na walikuwa mabibi wanaolea wajukuu ambao wazazi wao wako Dodoma mjini au Dar es Salaam.

Daftari lenyewe pia lina watu lisiowajua. Waliohamia juzi hawamo, na wengine hawataki kuwemo. Kwa hiyo tulijiwekea utaratibu wa kutembea na mwenyekiti hadi nyumba anayosema ni ya mwisho, kisha kumwuliza mwenye nyumba, si mwenyekiti: kuna moshi mwingine unaouona mbele ya hapa kwako jioni? Mara nyingi jibu lilikuwa ndiyo.

Kwa njia hiyo tulifika kwa bibi mmoja aliyekuwa anakaa kwenye tembe na wajukuu watatu, mkubwa akiwa hajafika umri wa shule.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mwanangu. Karibuni, kaeni hapo kivulini."

Nilimwuliza kama aliwahi kusikia habari za mradi wa macho. Akasema ngoma aliisikia, siku ya mkutano, upepo ulikuwa unakuja huku.

"Ule ni mkutano wa wenye miguu," akasema. Akamvuta mdogo kati ya wajukuu, akamwinua kidevu ili nimwone vizuri. "Mnawatafuta wenye kuumwa macho? Ndio hawa. Wale wa shuleni wana mama zao."

Maneno yake yalieleza kasoro ambayo mwongozo unaitaja kwa lugha ya kitaalamu: je, waliofikiwa wanafanana na wasiofikiwa? Mradi ulikuwa umejengwa kupitia shule, kwa kuwa shule ina mwalimu, ina kengele na ina orodha. Lakini vikope vimejaa zaidi kwa watoto wa kabla ya shule, na ndiyo maana wataalamu wanapopima kama wilaya imeushinda ugonjwa huanza na watoto wa mwaka mmoja hadi tisa, wakitaka wenye dalili wawe chini ya asilimia 5. Nusu ya umri huo haijakaa darasani. Tangu siku ile, kila mradi unaoniletea idadi ya waliofikiwa, ninaomba pia maelezo ya waliobaki: wanaishi wapi, wanaishi na nani, maji wanachota wapi. Ukurasa huo mmoja ndio ninaoanza nao kuisoma ripoti nzima.

Kisha kuna upimaji wa badiliko lenyewe. Ukiuliza mama, "Unamnawisha mtoto uso kila siku?", atajibu ndiyo. Si uongo wa kumkomoa mtu; ni adabu. Mgeni amesafiri, amekaa kwenye kigoda chako, unamjibuje kwamba hapana? Na ukiamua kuangalia kwa macho badala ya kuuliza, gari lako linaonekana kwa vumbi tangu likiwa mbali, na mkishafika watoto wote wanang'aa, maji yangali yanadondoka kwenye kidevu.

Jambo hili limepimwa vizuri sana kule Bangladesh. Watafiti walificha ndani ya vipande vya sabuni kifaa kidogo kinachorekodi sabuni inapotikiswa, wakazigawa majumbani, kisha wakapeleka watu wa kukaa na kuangalia jinsi familia inavyonawa. Siku ambayo mwangalizi alikuwepo, sabuni ilitikiswa kwa asilimia 35 zaidi ya siku za kawaida. Matokeo yalichapishwa mwaka 2010, na mimi huwasimulia wadodosaji wapya kabla hawajashika kishikwambi. Wanaelewa mara moja. Kila mmoja wao amekulia kwenye nyumba ambayo mgeni akipiga hodi kuna mtoto anafutwa uso haraka nyuma ya mlango.

Kwa hiyo tulijifunza kuuliza habari za maji, uso tukauacha kwanza. Maji ya jana yaliletwa na nani? Yaliisha saa ngapi? Yalifanya kazi gani na gani, tangu dumu lilipofunguliwa? Mama akisimulia siku yake kwa maji, kunawisha uso kunajitokeza kwenyewe au hakujitokezi. Hana sababu ya kukupamba, kwa kuwa hajui unasubiri neno gani. Tukaangalia pia vitu ambavyo havioshwi kwa ajili ya mgeni: kama kuna kopo lenye mahali pake, kama ardhi chini yake ina unyevu, kama mtoto wa miaka mitatu akipewa maji kidogo anajua afanye nini nayo. Mtoto aliyezoea huinama mwenyewe na kufumba macho. Na tulirudi kwa kaya zilezile saa tofauti za siku, kwenye vijiji vya mradi na visivyo vya mradi kwa saa zinazolingana, kwa sababu uso wa saa moja asubuhi na uso wa saa saba mchana si kipimo kimoja.

Mwongozo unataka pia yaandikwe mabaya ambayo hayakukusudiwa. Hapa naomba wenzangu wasipapite haraka. Katika kijiji kimoja mwalimu, kwa nia njema, aliwarudisha nyumbani watoto wenye uso mchafu wakanawe. Wengine hawakurudi siku hiyo. Katika kaya kadhaa kazi ya kunawisha wadogo iliangukia binti wa darasa la tano au la sita, juu ya kuchota maji na kuwasha moto, na akawa anafika shuleni kipindi cha kwanza kimekwisha. Nyuso zilikuwa safi kweli. Gharama yake ilikuwa imebebwa na mtu mmoja ambaye hakuwemo kwenye jedwali lolote. Tulipoliweka jambo hili mbele ya kamati ya shule, wazee wenyewe walilijadili kwa uchungu, na baadhi ya akina baba wakakubali kwamba kumwagia mtoto maji usoni wakati wa kufungua zizi hakuhitaji mwanamke. Sidhani lingezungumzwa kama tungepima nyuso peke yake.

Juu ya nani aliyeupokea mradi nitasema kwa kifupi. Viongozi wengi hukubali mradi wowote unaokuja na semina na posho, hivyo kukubali kwao hakukufundishi kitu. Wanaokataa wana la kufundisha. Mwalimu mkuu mmoja alitukatalia kata kata. Shule yake haikuwa na maji, na mpango ulitaka kila mtoto aje na chupa ya maji kutoka nyumbani. "Maji hayo namnyang'anya mama yake," alisema. Kwenye fomu shule yake iliandikwa kwamba imekataa, na kwa kawaida fomu huishia hapo. Tuliandika sababu yake neno kwa neno, na katika awamu iliyofuata wazo la chupa likaondolewa kwenye mpango kata nzima.

Utekelezaji ni habari ndefu, na ndipo ninapotofautiana na baadhi ya wakubwa zangu. Wao hupenda kupima kama mradi umetekelezwa vilevile kama kitabu kinavyosema. Mimi ninataka kwanza tukubaliane ni kitu gani ndani ya kitabu kisichoguswa. Kwetu kilikuwa kimoja: maji yafike usoni mwa mtoto mdogo kila siku na matongo yatoke. Kitabu chetu kilisema kila kaya itundike kibuyu chirizi, yaani kidumu cha kunawia kinachoning'inizwa kwa kamba na kumwaga maji kidogo kidogo. Katika kitongoji kimoja kamba zililiwa na mbuzi, na vidumu vikachukuliwa kwenda kubebea mafuta ya alizeti, maana kidumu kizima ni mali. Akina mama hawakulalamika. Walibadilisha. Uji ukishaiva, kabla haujamiminwa, watoto wanapanga mstari, kopo moja la maji linawapitia wote, kila mmoja anamwagiwa kwenye viganja vyake mwenyewe na kunawa, ndipo anapewa bakuli. Asiyenawa hapati uji kwanza. Hakuna kamba, hakuna kidumu, na maji yanayotumika ni kidogo mno. Kwa kipimo cha kitabu kitongoji kile kilikuwa kimefeli. Vibuyu chirizi havikuwepo. Kwa macho yangu kilikuwa kimeelewa mradi kuliko waliouandika.

Lakini kubadilisha si kuzuri siku zote. Pengine kinachokatwa ndicho kiini chenyewe, na kwa kawaida kinachokatwa kwanza ni ziara za nyumbani, kwa sababu zinachosha na zinataka mafuta ya pikipiki. Tuna mfano mkubwa hapa jirani. Majaribio yanayojulikana kama WASH Benefits yalifanyika sambamba Kenya, katika kaunti za Bungoma, Kakamega na Vihiga, na Bangladesh, yakihusu maji safi, vyoo, kunawa mikono na lishe. Matokeo yalipotoka mwaka 2018, kuhara kwa watoto kulipungua Bangladesh, Kenya hakukupungua. Zipo tofauti nyingi kati ya nchi hizo, na sitaki kuzifuta kwa sentensi moja. Ila moja iko wazi: wahamasishaji wa Bangladesh walizitembelea kaya mara nyingi kwa mwezi, wa Kenya mara chache zaidi, na kule Kenya utiaji wa klorini kwenye maji ulishuka mwaka wa pili. Asiyerekodi idadi ya ziara na namna zilivyofanyika hawezi kujua kama wazo limeshindwa au halikupewa nafasi. Ndiyo maana huwa ninasisitiza daftari la ziara litunzwe kwa uangalifu uleule wa daftari la dawa, na gharama ya mafuta iandikwe kando yake, ili halmashauri itakayorithi kazi ijue inarithi mzigo wa kilo ngapi.

Mama yangu alipokuwa msichana alikaa kwenye kikundi cha kusikiliza redio wakati wa kampeni ya Mtu ni Afya, mwaka 1973. Watu wapatao milioni mbili nchini walijikusanya katika vikundi, wakasikiliza kipindi, wakasoma kijitabu, wakajadiliana juu ya malaria, kichocho, safura na kuhara, kisha wakaamua wenyewe watafanya nini kijijini kwao. Watu wa Taasisi ya Elimu ya Watu Wazima walizunguka vijiji vya sampuli kukagua nyumba kabla na baada. Hiyo ilikuwa zaidi ya miaka ishirini na mitano kabla ya RE-AIM kuandikwa, na maswali mengi yalishaulizwa: wangapi, akina nani, wamefanya nini baada ya kuzima redio. Ninaitaja kwa sababu vijana wengi tunaofundisha hudhani tathmini ya afya ya jamii ni kitu kilichoshuka na wafadhili. Mama bado anachemsha maji ya kunywa, na akiulizwa kwa nini anataja kikundi chake, wala si hospitali.

Hilo la kudumu ndilo swali la tano, na ndilo lisilo na bajeti. Mradi wetu ulifungwa kwa sherehe, fulana na hotuba. Tathmini ya mwisho ilifanyika mwezi wa tatu, mvua zikiwa zimenyesha, makorongo yana maji, kila kaya ina kidimbwi karibu. Nilisema wakati ule, na ninasema tena, kwamba kipimo cha mwezi wa tatu katika Dodoma kinapima mvua. Mwaka uliofuata nilipata nafasi ya kupita kwenye vijiji vilevile nikiwa na kazi nyingine, mwezi wa kumi, wakati visima vya mchangani vinachimbwa kina kirefu na punda wanaondoka usiku kwenda kufuata maji. Nilitumia jioni zangu kutembea kaya kwa kaya na mhudumu wa afya ngazi ya jamii, dada ambaye posho yake ilikuwa imekatika siku mradi ulipofungwa na ambaye bado alikuwa anawatembelea watu.

Vibuyu chirizi vilikuwa vimekwisha karibu kila mahali. Mabango ya rangi shuleni yalikuwepo, yamepauka. Watoto wengi uso ulikuwa umerudi ulivyokuwa. Lakini katika kile kitongoji cha uji, mstari wa asubuhi ulikuwepo bado, kiangazi kikali kile, na walikuwa wameongezeka kaya za jirani ambazo hazikuwahi kuwemo kwenye mradi. Waliiga tu, kwa sababu watoto walikuwa wanalala na kuamka kwa wenzao. Niliwauliza akina mama kwa nini hawakuacha maji yalipopungua. Mmoja alinishangaa. Alisema uji haujasimama, kwa nini kunawa kusimame.

Tangu hapo siandiki mpango wa tathmini usio na ziara ya kiangazi angalau mwaka mmoja baada ya fedha kwisha. Hubishaniwa kila mara. Wafadhili husema fedha zikishafungwa hakuna wa kulipa ziara, na wahasibu wana haki kwa upande wao. Ninachowaomba ni kuitenga fedha hiyo mapema, kuiweka halmashauri kwa jina la ofisi ya afya, na kuipunguza sherehe ya kufunga ili ipatikane. Katika mpango ninaousaidia sasa jambo hilo limekubaliwa kwa maandishi. Fulana zimeondolewa. Ziara imepangwa mwezi wa kumi, orodha ya kaya itaanza na zile za mbugani, na yule dada mhudumu amewekwa kwenye timu kama mpimaji mwenye malipo.